Historia Fupi ya Mashine Pepe na Kazi ya Kukusanya Maneno ya Kinyakyusa huko Isongole

Nia ya makala haya ni kueleza jambo ambalo watunzi wengi wa kamusi hulijua kwa mikono yao kuliko kwa kulisoma: namna programu iliyotungwa kwa ajili ya Windows peke yake inavyoweza kutumika ndani ya kompyuta ya Mac, jinsi ufundi huo ulivyoanza na kubadilika, na jinsi ulivyogusa kazi ya kuhifadhi lugha zetu. Sitajaribu kuzungumzia lugha zote. Nitashika mfano mmoja ninaoufahamu, nao ni ukusanyaji wa maneno ya Kinyakyusa katika kata ya Isongole, wilaya ya Rungwe.

Isongole iko katika barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, katika nchi ya juu yenye baridi na ukungu, ambako viazi mviringo hustawi. Kwa mchunguzi wa lugha mahali hapa pana thamani ya pekee, kwa kuwa Kinyakyusa hukaribiana hapa na Kisafwa, na Kiswahili husikika sokoni na shuleni juu ya zote mbili. Guthrie alikitia Kinyakyusa katika kundi la M.31 na Kisafwa katika M.25, lakini muuza viazi wa Isongole hana habari ya namba hizo, na aghalabu huchukua neno popote alipolikuta. Ndiyo maana orodha ya maneno ya mahali kama hapa haiwezi kutengenezwa kwa kunakili kamusi iliyokusanywa kwingine.

Sasa lugha yenyewe ina sharti lake. Kinyakyusa kina irabu saba, na urefu wa irabu hubadili maana. Irabu mbili kati ya hizo saba, ile iliyo baina ya i na e, na ile iliyo baina ya u na o, huandikwa ɨ na ʉ katika tahajia iliyotengenezwa kwa msaada wa wanaisimu wa SIL, ambao walianza mradi wao wa Mbeya mapema katika miaka ya 2000. (Msomaji aliyezoea alama za kifonetiki asidanganyike: hapa ɨ si irabu ya kati, ni tahajia tu.) Kiambishi cha ngeli ya saba ni ɨkɨ-, na cha ngeli ya kumi na moja ni ʉlʉ-. Kompyuta isiyoweza kuonyesha herufi hizi, au inayozigeuza kuwa vijisanduku vitupu, huharibu nomino za ngeli hizo tangu herufi ya kwanza, na mpangilio wote wa kamusi huvurugika.

Programu zilizowahudumia wakusanyaji wa maneno kwa muda mrefu zilitoka katika ukoo mmoja. Shoebox ya SIL ilianza katika miaka ya 1980 kwenye mashine za DOS. Ikafuatwa na Toolbox, kisha na FieldWorks. Hii ya mwisho hufanya kazi katika Windows na katika Linux, lakini haikutengenezewa toleo la Mac. Nionavyo mimi, sababu yake ni hesabu tu: watengenezaji walikuwa wachache, na mashine zilizopatikana kwa urahisi katika nchi zetu zilikuwa za ukoo wa Windows. Praat ya Boersma na Weenink wa Amsterdam, pamoja na ELAN ya Nijmegen, hufanya kazi kotekote. Kwa hiyo mchunguzi mwenye Mac huweza kupima sauti na kuandika mazungumzo bila shida, akafika kwenye kamusi akakwama. Na miongoni mwa wale tuliorudi kutoka vyuo vya ng'ambo, wenye Mac si haba.

Dawa ya shida hii ni ya zamani kuliko kompyuta ya mezani. Mwaka 1964, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mjini Dar es Salaam, wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, wakiongozwa na Robert Creasy, walianza kutunga mfumo ulioitwa CP-40. Kompyuta wakati ule ilikuwa mali ya taasisi nzima, na watumiaji walikuwa wengi. Wazo lao lilikuwa kuigawa mashine moja ya chuma ili kila mtumiaji apewe kitu kinachotenda mithili ya mashine kamili, yenye kumbukumbu yake na diski yake, asiweze kuona wala kuharibu cha jirani. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 1967, na mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370 kwa wateja wake. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza sharti tatu za ufundi huu: programu itende ndani ya mashine hiyo sawasawa na inavyotenda katika mashine halisi, amri zilizo nyingi zipite moja kwa moja kwenye prosesa bila kuingiliwa, na msimamizi asipoteze mamlaka juu ya mali ya mashine.

Kiswahili kimekiita kitu hiki mashine pepe, kwa kufuata barua pepe. Neno hili linaniletea mashaka kidogo. Pepe katika kamusi zetu ni punje ya nafaka isiyo na kiini, na mkulima wa mpunga wa Kyela angeshangaa kuambiwa kwamba pepe ndilo linalobeba kazi. Hata hivyo istilahi imekwisha kuota mizizi, nami nitaitumia. Bora zaidi ni maneno mawili yanayokwenda nayo: mfumo wenyeji, yaani ule ulio juu ya chuma, na mfumo mgeni, yaani ule unaokaa ndani. Mgeni wetu huyu hangoji siku ya tatu apewe jembe. Analima tangu siku ya kwanza.

Kwa wanaisimu, tofauti iliyo muhimu kupita zote katika historia hii ni ya lugha. Kila prosesa ina lugha yake ya amri. Mac za miaka ya 1990 zilisema lugha ya PowerPC, na Windows ilisema lugha ya Intel. Mwaka 1997 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual PC, iliyomwezesha mwenye Mac kufungua Windows. Lakini humo ndani alikuwamo mkalimani, akifasiri amri za Intel kuwa za PowerPC bila kupumzika. Ilifanya kazi, lakini polepole, kama kikao cha baraza ambamo kila kauli hurudiwa mara mbili. Microsoft iliinunua mwaka 2003.

Upande wa Intel nako kulikuwa na kizuizi. Prosesa hizo zilikuwa na amri fulani ambazo, zikitolewa na mgeni, hazikukataa wala kumjulisha msimamizi. Zilifanya jambo jingine kimya kimya, na hivyo kuvunja sharti za Popek na Goldberg. VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipata njia ya kuzikamata amri hizo na kuzifasiri peke yake, nyingine zote zikiachwa zipite. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999. Mwaka 2005 Intel yenyewe ilitia msaada wa jambo hili ndani ya prosesa.

Ndipo ukaja mwaka 2006. Apple iliacha PowerPC ikatumia Intel, na mwenyeji na mgeni wakawa wanasema lugha moja. Parallels Desktop ilitoka mwaka huohuo, VirtualBox na VMware Fusion mwaka 2007. Tangu hapo mkusanyaji wa maneno aliweza kuwa na dirisha la FieldWorks kando ya dirisha la Praat katika Mac moja, na mkalimani akastaafu. Gharama zilikuwapo, kwa maana mgeni hula chakula cha mwenyeji. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti nane humpa mgeni nne, na zote mbili zikaenda kwa kuchechemea. Mahali ambapo umeme hukatika betri huisha upesi, na faili la kusimika Windows, lenye gigabaiti kadhaa, ni mzigo kwa mtu anayenunua bando la simu. Afadhali mtu amalize shughuli hiyo Dar es Salaam au Mbeya kabla ya kupanda mlima.

Lakini faida moja iliwavuta wengi, nayo ndiyo iliyoleta hatari. Mashine pepe nzima, pamoja na Windows yake, fonti zake, Toolbox yake na kamusi yake, ni faili tu. Huweza kunakiliwa, kuwekwa katika diski, na kufunguliwa baada ya miaka ikiwa vilevile. Kwa kamusi iliyochapwa kabla ya Unicode kuenea, kwa fonti ambazo humpa ɨ namba ya herufi nyingine, hili lilionekana kuwa hifadhi kamili: ukipoteza fonti, umepoteza ufunguo wa maandishi, basi zifungie fonti na maandishi katika chumba kimoja.

Mnamo Novemba 2020 Apple ilibadili lugha mara nyingine, ikaanza kutumia prosesa zake zenyewe za ukoo wa ARM. Chumba kile kilichofungwa kwa ufunguo wa Intel hakikufunguka katika Parallels ya Mac mpya. Windows 11 ina toleo la ARM, na mwezi wa Februari 2023 Microsoft iliidhinisha rasmi litumike katika Parallels. Ndani ya Windows hiyo yumo mkalimani anayefasiri programu za Intel, kwa hiyo aliyestaafu mwaka 2006 ameitwa tena kazini. Ila safari hii anakaa ndani ya mgeni, wala si baina ya mgeni na mwenyeji. Mashine pepe za kale, zile za Windows XP, huweza kufunguliwa kwa UTM, ambayo msingi wake ni QEMU ya Fabrice Bellard, lakini kwa mwendo wa konokono. Mwezi wa Januari 2025 Parallels nayo ilitoa jaribio la namna hiyo.

Kwa hiyo yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo kwa miaka kumi na minne yalichanganywa: kufanyia kazi ndani ya mashine pepe, na kuhifadhi ndani yake. La kwanza ni halali kabisa. La pili lilimtegemea mwenyeji asibadili lugha, na wenyeji hubadili. Faili la Toolbox ni maandishi matupu: \lx kwa kidahizo, \ps kwa aina ya neno, \ge kwa maana ya Kiingereza, \gn kwa maana katika lugha ya taifa. Likiandikwa kwa Unicode, husomeka katika mashine yoyote hata kama Toolbox yenyewe haipo. FieldWorks nayo huweza kutoa LIFT, ambayo ni maandishi ya XML.

Huko Isongole, basi, utaratibu ninaoufuata ni huu. Maneno ya siku huingizwa katika FieldWorks ndani ya mgeni; jioni hutolewa LIFT, ikawekwa katika folda ya mwenyeji na katika flashi mbili, moja ikibaki katani. Faili la mashine pepe silihesabu kuwa nakala. LIFT hiyohiyo hupokewa na Dictionary App Builder ya SIL, ambayo hufanya kazi katika Mac bila mgeni yeyote, na hutoa kamusi ya simu za Android. Nazo ndizo simu ambazo wasemaji wa Isongole wanazo mifukoni, wakiikagua ɨ na ʉ kwa vidole vyao wenyewe na kunipigia simu pale nilipoandika i.