Magitaa Mawili ya Mwaka 1962

Nyumbani kwangu kuna gitaa la besi lisilo na vyuma shingoni. Wageni hulitazama wakadhani lilitoka kiwandani hivyo. La hasha. Vyuma vile niliving'oa mimi mwenyewe kwa koleo na bisibisi, usiku mmoja wa mwaka 1984, na gitaa lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la mjomba wangu, ndugu yake mama, aliyekuwa akilipiga katika bendi za dansi hapa Dar es Salaam tangu nikiwa mtoto mdogo. Kisa hicho nitakirudia. Kwanza sina budi kueleza habari za magitaa mengine mawili, maana bila hayo ujinga wangu hautaeleweka.

Zamani sauti nzito ya bendi ilitoka katika besi kubwa la kusimama, lile la mbao, refu kumpita mpigaji wake. Chombo kile kilikuwa na sauti tamu, lakini kilikuwa adha kukisafirisha, na tarumbeta zikianza kulia hakisikiki. Katika miaka ya 1930 fundi mmoja wa Seattle, Marekani, Paul Tutmarc, alitengeneza besi la umeme la kushikwa kama gitaa, lakini halikuenea. Aliyefanikiwa ni Leo Fender, fundi redio wa mji wa Fullerton, California, ambaye hata kupiga gitaa hakujua. Mwaka 1951 alitoa besi la umeme lenye nyuzi nne, urefu wa uzi ukiwa inchi 34, na shingoni akaweka vile vyuma vyembamba ambavyo wanamuziki huviita freti. Akaliita Precision, yaani usahihi, kwa sababu freti humwezesha mpigaji kuipata noti yake barabara bila kubahatisha. Msomaji alikumbuke jina hilo.

Chini ya nyuzi kuna kifaa kiitwacho pikapu. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, huzalisha umeme kidogo, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Mahali pikapu ilipo ni jambo kubwa. Ikikaa karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, sauti huwa kali na yenye kukwaruza. Ikisogezwa kuelekea shingoni, sauti huwa nene na ya mviringo. Mwaka 1957 Fender aliigawa pikapu ya Precision vipande viwili ili kuondoa mvumo wa umeme. Mwaka 1960 akatoa besi jingine, Jazz, lenye shingo nyembamba zaidi upande wa juu na pikapu mbili, ili mpigaji achanganye ukali na unene apendavyo.

Sasa tuje kwenye magitaa yangu mawili. Yote yalitengenezwa mwaka 1962 katika kiwanda hicho hicho. Moja lilikuwa Precision, likaangukia mikononi mwa James Jamerson wa Detroit. La pili lilikuwa Jazz, likaja kuwa la Jaco Pastorius wa Florida, kijana aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1951 ambao besi la Fender lilitoka.

Jamerson alikuwa mpiga besi wa kampuni ya Motown. Katika miaka ya 1960, nyimbo nyingi za kampuni hiyo zilizovuma duniani ziliegemea kidole chake. Nasema kidole kwa sababu alipiga kwa kimoja tu, cha shahada cha mkono wa kulia. Nyuzi zake zilikuwa nene, za aina iliyozungushiwa utepe bapa, zimeinuliwa juu ya shingo kiasi cha kuwashinda wengine kuzibonyeza. Hakuzibadilisha mpaka zikatike. Aliamini kwamba ule uchafu wa jasho na mafuta ya vidole ndio utamu wenyewe. Chini ya kifuniko cha chuma, karibu na daraja, palikuwa na kipande cha sponji kilichozigusa nyuzi ili sauti isivume mno. Besi lake likasikika kama ngoma yenye noti: dumu, kisha kimya, kisha dumu. Hata hivyo wasikilizaji hawakujua jina lake. Motown haikuwa na desturi ya kuandika majina ya wapigaji kwenye majalada, na la kwake lilionekana mwaka 1971, katika sahani ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On.

Pastorius alikwenda njia iliyo kinyume kabisa. Freti za besi lake ziling'olewa, mianya ikazibwa kwa puti ya mbao, kisha shingo ikapakwa gundi ya epoksi inayotumika kwenye mashua, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa ngumu kama kioo. Ugumu huo ulikuwa na sababu. Yeye alitumia nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo, ambazo hulia kwa mwangwi mkali, lakini husugua mbao kama tupa. Aliegemea zaidi pikapu ya nyuma, ile ya karibu na daraja. Matokeo yake ni sauti iliyoimba, iliyoteleza kutoka noti hadi noti kama koo la binadamu. Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976, na mwaka huo huo akajiunga na kundi la Weather Report. Gitaa la usahihi lilikuwa limesifiwa kwa sababu ya freti. Robo karne baadaye, kijana huyu akawashangaza watu kwa kukosa freti.

Kwa mtazamo wa haraka, watu hawa wawili hawafanani. Mmoja hakutaka hata kubadilisha uzi, na mwingine alitaka shingo nzima igeuzwe. Mmoja alitafuta sauti fupi na nzito, mwingine ndefu na nyororo. Lakini tukichunguza tutaona kwamba wote wawili walitoka mlango mmoja. Jamerson alijifunzia muziki kwenye besi la kusimama, na nyuzi zake nene zilizoinuka, pamoja na kile kidole kimoja, vilikuwa mazoea ya chombo kile. Pastorius naye aliwahi kuwa na besi la kusimama, likapasuka kwa unyevunyevu wa hewa ya Florida, akarudi kwenye la umeme. Shingo isiyo na freti ni shingo ya besi la kusimama. Basi kila mmoja, kwa njia yake, alikuwa akiitafuta sauti aliyokwisha kuijua. Mageuzi yale yalikuwa jibu. Swali walikuwa nalo moyoni zamani.

Ilikuwapo njia ya tatu, ya mafundi wa umeme. Tangu mwaka 1969 mafundi wa Alembic huko California walianza kuweka ndani ya magitaa vikuza sauti vyenye kutumia betri, na mwaka 1976 kampuni ya Music Man, ambayo Leo Fender alikuwa mmoja wa waasisi wake, ilitoa StingRay, besi la kiwandani lenye betri yake. Sauti ikawa safi na yenye nguvu. Lakini betri nayo hukuza tu kile kinachotoka kidoleni.

Hayo yote mimi niliyasoma baadaye sana. Mwaka 1984 nilichokuwa nacho ni kaseti moja ya Pastorius, aliyoniletea rafiki mmoja kutoka ng'ambo, na maneno yake kwamba jamaa huyu hana freti. Nikaisikiliza juma zima. Gitaa la mjomba, la Kijapani, lilikuwa limewekwa chumbani kwangu, maana kwake paa lilivuja. Nyuzi mpya zilikuwa adimu siku zile. Wenzake walizichemsha za zamani kwenye sufuria ili kutoa mafuta na kurudisha ukali. Mjomba hakuchemsha. Sauti yake ilikuwa butu, ya chini, nami kwa ujana wangu niliiona ya kizee. Sikujua kwamba palikuwapo bingwa Detroit aliyeipenda butu hiyo hiyo.

Nilizing'oa freti zote. Nikaziba mianya kwa mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi, nikapaka vanishi ya milango. Pastorius alikuwa na epoksi ya mashua. Mimi nilikuwa na vanishi. Nilipopiga, kila noti ilikuwa ya uongo.

Mjomba alikuja Ijumaa kulichukua, kwani Jumamosi alikuwa na dansi. Nikamwamkia shikamoo huku natazama chini. Aliligeuza gitaa, akapitisha dole gumba shingoni toka juu hadi chini, akakaa kitandani. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mjomba, ulikuwa unatafuta nini humu?" Sikuwa na jibu. Jumamosi ile alipiga kwa gitaa la kuazima, na hivyo hivyo kwa miezi mingi, akimlipa mwenye gitaa kutoka katika ujira wake mdogo. Mama alinieleza baadaye. Yeye mwenyewe hakusema.

Lile lililoharibika hakulitupa. Alichora kwa penseli mahali freti zilipokuwa, akajifunza upya, jioni moja moja, barazani. Baada ya mwaka hivi alilishika. Jambo la ajabu ni kwamba halikusikika kama Pastorius hata kidogo. Lilisikika kama yeye: butu, ya chini, yenye kungoja. Alilipiga mpaka alipofariki mwaka 2003, nami nikarithi.

Magitaa yale mawili ya Fullerton yalipata msiba mmoja. La Pastorius liliibwa New York mwaka 1986, mwaka mmoja kabla hajafa akiwa na umri wa miaka 35. Lilikuja kuonekana baada ya miaka 20 hivi. La Jamerson liliibwa siku chache kabla ya kifo chake mwaka 1983, na halikuonekana tena. Nyuzi zile alizokataa kuzibadilisha zilikwenda nalo.

Fundi mmoja ameniambia anaweza kunirudishia freti kwa bei nafuu. Nimekataa, kwa sababu itambidi kwanza apige msasa, na ile mistari ya penseli bado inaonekana. Nawe, ndugu msomaji, ukiwa na kijana anayetaka kulifungua gitaa lake, usimkataze. Muulize kwanza swali la mjomba, kisha umpe bisibisi.