Ile Beji Kifuani mwa Mhudumu wa Miale

Mama mmoja niliyemsindikiza kupigwa picha ya eksirei aliniuliza, "Sista, mbona huyu amevaa beji, halafu anajificha nyuma ya ukuta, na mimi ananiacha hapa?" Swali zuri. Jibu lake lina historia ya huzuni.

Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata, mjini San Francisco, Marekani, karani mmoja wa hesabu aitwaye Elizabeth Fleischman alianza kupiga picha hizo. Akasifika sana kwa kuwapiga picha askari waliojeruhiwa vitani mwaka wa 1898. Siku hizo hapakuwa na kipimo. Mtu alijaribu mashine kwa kuweka mkono wake mwenyewe mbele yake! Mikono ya Elizabeth ikawa na vidonda, naye akadhani ni dawa za kusafishia picha. Kumbe ni saratani. Mwaka wa 1905 alikatwa mkono, na mwaka huohuo akafariki. Mwaka wa 1936 mnara ulijengwa Hamburg, Ujerumani, kuwakumbuka wahudumu waliouawa na miale.

Shida ni kwamba miale haionekani, hainuki, wala haichomi inapoingia mwilini. Ukingoja ngozi ilalamike, umechelewa. Ndiyo maana wahudumu wakaanza kuvaa kipande cha filamu: kadiri kilivyokuwa cheusi, ndivyo miale ilivyokuwa mingi. Baadaye zikaja beji zenye chembe maalumu zinazoweka kumbukumbu ya miale, na kutoa mwanga zikipashwa moto. Beji haimkingi mtu. Ni kama chombo cha kupimia mvua: hakizuii hata tone.

Tangu 1941, madaktari wa Boston walipoanza kutibu ugonjwa wa tezi la shingo kwa iodini yenye miale, kazi iliongezeka ugumu. Mashine huzimwa, mgonjwa aliyekunywa dawa hiyo hazimwi. Kwa hiyo anayeshika sindano zenye miale huvaa pia kipimo cha pete kidoleni.

Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa mhudumu ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Akisema ana mimba, mtoto tumboni asipate zaidi ya 1 kwa muda uliobaki. Hapa Kenya sheria ya miale ilipitishwa mwaka wa 1982, na mpya ikaja 2019.

Basi nikamjibu yule mama: wewe unapigwa picha leo, yeye yuko hapa kila siku.

Lakini mama mwenye mimba au anayenyonyesha, sema kabla ya kupimwa au kupewa dawa, hata kama hujaulizwa. Ukitibiwa kwa iodini hiyo, mtoto huyo hutamnyonyesha tena, na utaambiwa ni siku ngapi usimpakate. Uliza kabla hujainywa, ili upange nani atamlea.