Ufu wa Mfupa wa Taya

Osteoradionekrosisi: neno hili likiandikwa kwenye cheti cha mgonjwa aliyetibiwa saratani ya mdomo Ocean Road, Dar es Salaam, kisha akarudi kwao Mlandege, Iringa, nani nyumbani atalielewa? Ni maneno matatu yaliyounganishwa: mfupa, mionzi, kufa. Mtaani watasema mfupa umeoza. Mimi nashika "ufu wa mfupa kwa mionzi", na sababu yangu ni usalama wa mgonjwa.

Anayeambiwa ameoza taya hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki, au huomba jino ling'olewe, na kung'oa huko ndiko mara nyingi kunakoanzisha balaa. Mionzi inayoua saratani huharibu pia vijishipa vya damu ndani ya taya. Mwaka 1983 Robert Marx, daktari wa upasuaji wa taya nchini Marekani, alieleza kwamba mfupa uliopigwa mionzi hupungukiwa oksijeni, seli na mishipa ya damu. Vijidudu ni wageni wanaokuja baadaye. Shimo la jino basi halizibi. Fizi huachia, mfupa hubaki wazi miezi mitatu na zaidi, ilhali saratani yenyewe haijarudi. Taya la chini ndilo huumia zaidi, kwa kuwa hupata damu kidogo kuliko la juu, na hatari hupanda kipimo cha mionzi kikipita grei 60.

Ufu ukienea, taya huweza kuvunjika lenyewe. Hapo madaktari hukata sehemu iliyokufa na kuweka mfupa mwembamba wa mguuni, ule ulio kando ya muundi, pamoja na ateri na vena zake, wakaziunganisha na mishipa ya shingo. Damu ikiganda kwenye maungio hayo, hasa siku za mwanzo, kipandikizi chote hufa. Na shingo iliyokwisha kupigwa mionzi ina mishipa migumu, yenye makovu, isiyoshonekana kwa urahisi.

Ndiyo maana meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, fizi zikapewa wiki mbili hivi zipone. Baada ya hapo hatari haiishi, hata miaka kumi ikipita. Kwa hiyo cheti cha kurudi nacho Iringa kitaje kwa Kiswahili mwaka wa mionzi, upande wa taya na idadi ya grei, na mgonjwa akitoe kwa daktari wa meno kabla hajafungua kinywa.