Matamshi hayana uraia

Wako watu wanaoamini kwamba ukimsikia mtu anavyotamka umekwishajua nchi yake. Wilayani Ngara, mkoani Kagera, imani hiyo yaweza kumponza mwenyeji.

Tuanze na matamshi yenyewe. Sisi twasema kutema kuni, na kuona. Mhaya husema okutema na okubona. Mrundi naye husema kubona, lakini kutema kwake ni gutema. Kwa nini? Weka kidole kooni utamke z: koo linatetemeka. Tamka s: limetulia. Katika Kirundi na Kinyarwanda, "ku" ya kitenzi hugeuka "gu" ikifuatwa na sauti isiyotetemesha koo, kama k, t au s. Ndiyo maana kufanya kazi ni gukora, ilhali kwenda ni kugenda. Wataalamu huiita Kanuni ya Dahl, jina lililotolewa mwaka 1903 na Mjerumani Carl Meinhof, kutokana na mmisionari Edmund Dahl aliyechunguza Kinyamwezi. Hata Mkikuyu wa Kenya huita lugha yake Gikuyu kwa kanuni hiyo hiyo.

Sasa, Kihangaza na Kishubi cha Ngara huwekwa kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Ukifika Biharamulo unakutana pia na Kizinza, ndugu wa Kihaya. Yaani mahali makundi hayo mawili yanapokutana pamo ndani ya Tanzania, si mpakani.

Historia inaeleza. Ngara, Rwanda na Burundi zote zilitawaliwa na Mjerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza alikabidhiwa Tanganyika, Mbelgiji akapewa Ruanda-Urundi. Lugha zilikuwapo zamani.

Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, Ngara. Wengi walirejea Desemba 1996, lakini swali la nani mgeni lilibaki. Mwaka 2013 likaja tena, serikali ilipoendesha Operesheni Kimbunga kusaka wahamiaji haramu Kagera, Geita na Kigoma.

Rai yangu ni hii: uraia uamuliwe kwa sheria, kwa kumbukumbu za kuzaliwa na ushahidi wa majirani, kamwe usiamuliwe kwa "gu" badala ya "ku". Mhangaza anayesema gukora hakuvuka mpaka. Mpaka ulimkuta nyumbani kwao.