Chumvi ilivyopata hesabu yake katika usafishaji wa protini

Kingamwili nyingi zinazotibu saratani, kabla ya kutiwa kwenye chupa, hupitishwa katika mrija uliojazwa chembechembe ndogo zenye chaji ya umeme. Protini inayotakiwa hunasa humo, uchafu mwingi hupita, kisha maji ya chumvi humiminwa na protini huachia. Kukadiria kwa hesabu chumvi kiasi gani itatosha, hasa mrija unapojaa, ni kazi iliyowachukua wanakemia miongo kadhaa.

Protini moja hubeba chaji chanya na hasi kwa pamoja, na pH ya maji ndiyo huamua zipi zitazidi. Albumini ya damu husawazisha chaji zake karibu na pH 4.7, juu ya hapo huwa hasi. Lisozaimu ya ute wa yai hubaki chanya mpaka karibu pH 11. Ndiyo maana katika pH 7 albumini huvutwa na uso wenye chaji chanya, na lisozaimu huvutwa na wenye chaji hasi.

Mwaka 1955, nchini Uingereza, Boardman na Partridge walieleza kwamba protini hushika uso kwa pointi kadhaa mara moja, na ayoni za chumvi hugombea pointi hizo hizo. Hapo ndipo penye nguvu ya chumvi. Chukua protini inayoshika kwa pointi 5, na chumvi ya kawaida ya mezani: ukiongeza chumvi maradufu, mshiko haupungui mara 2 bali mara 32, yaani 2 iliyozidishwa yenyewe mara 5. Kwa hiyo tofauti ndogo ya chumvi hutenganisha protini zinazofanana sana. Mwaka uliofuata Peterson na Sober, huko Bethesda, Marekani, walieleza selulosi waliyoipachika chaji chanya. Ilishika protini bila kuziharibu, na maabara nyingi zikaipokea.

Lakini hesabu ya pointi ilifaa pale tu protini zilipokuwa chache. Mrija ukijaa, ilipotoka. Wengi walirudia mlinganyo wa Langmuir wa 1918, uliotungwa kwa gesi zinazotua juu ya vitu vigumu, ambamo kila molekuli huchukua nafasi moja iliyo sawa na nyingine. Protini haikai hivyo. Ni kama abiria wa daladala aliyelipia kiti kimoja huku furushi lake likiziba vingine viwili: pointi zilizo chini ya tumbo la protini hazijashikwa, ayoni zake zipo, ila protini nyingine haiwezi kuzifikia.

Clayton Brooks na Steven Cramer, wa Rensselaer Polytechnic Institute jimboni New York, waliingiza pointi hizo zilizozibwa katika hesabu mwaka 1992. Kwa kila protini walimpa mtumiaji namba tatu za kupima: pointi inazoshika, pointi inazoziba, na nguvu ya mshiko. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo zito kuliko yote katika historia hii. Wengi waliomtangulia Brooks walishughulika na umeme. Yeye na Cramer walilipa umbo la protini uzito uleule.

Mlinganyo wao una mipaka. pH haimo ndani yake, hivyo pH ikibadilika namba hizo hupimwa upya. Tena si kila mshiko ni wa chaji: mwaka 1978 Norde na Lyklema, wa Wageningen nchini Uholanzi, walionyesha kwamba albumini yenye chaji hasi hutua hata juu ya polistirini yenye chaji hasi. Pamoja na hayo, mlinganyo wa 1992 bado unatumika viwandani. Mwanafunzi wa famasia au kemia anayetaka kuingia katika utengenezaji wa dawa za protini aanze na huo, na aukokotoe kwa mkono kabla ya kuiachia kompyuta.