Mwanza: Mji Uliojengwa Chumba kwa Chumba

Ndugu msikilizaji, juma lililopita kijana mmoja alinijia na habari ya chumba alichokiona Buhongwa, hapa Mwanza. Dalali anadai kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Na wote wawili hawataki kuandika chochote. "Mzee," akaniuliza, "ndivyo ilivyokuwa tangu zamani?" Nilimwahidi jibu, na jibu lenyewe ni historia ya mji wetu.

Wajerumani waliweka boma hapa mwaka 1892. Lakini kilichoukuza mji hasa ni pamba na reli. Reli ya kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928, marobota yalianza kushuka pwani, nao watu wakapanda kuja kutafuta kazi za bandarini, stesheni na kwenye vinu vya kuchambua pamba. Je, watu hao walilala wapi? Serikali ya kikoloni ilikuwa na Uzunguni yake na Uhindini yake, ilhali Mwafrika ilimhesabu kama mpita njia, aliyetarajiwa kurudi kwao siku moja. Hapakuwa na aliyemjengea.

Aliyempa hifadhi alikuwa Mwafrika mwenzake, mwenye nyumba ndogo ya udongo, baadaye ya tofali na bati. Nyumba hiyo tunaijua sote: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna jiko, choo na kamba ya kuanikia. Kila chumba familia. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta mjini watu wapatao 35,000. Ile ya mwaka 2012 ilikuta zaidi ya 700,000, ingawa mipaka nayo ilikuwa imepanuka. Hao hawakupokelewa na maghorofa. Walipanda milimani, Mabatini, Igogo na Bugarika, wakajenga na kupanga katikati ya majabali, na maji wakayapandisha kwa kichwa.

Sasa tuiangalie sheria. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, akawekwa Msajili wa Majumba kuyasimamia, na mwaka 1990 kazi yake ikahamishiwa kwenye Shirika. Ilikuwapo pia sheria ya kudhibiti kodi, iliyoandikwa upya mwaka 1984, ambayo ilimzuia mwenye nyumba kupandisha kodi au kumfukuza mpangaji apendavyo. Lakini nani kule mlimani aliyewahi kuiona? Sheria ililiona ghorofa. Chumba cha uswahilini kilibaki mikononi mwa wawili, mpangaji na mwenye nyumba, kwa maneno ya mdomo tu.

Na hapa, msikilizaji, naomba nikusimulie niliyoyaona mwenyewe.

Mwaka 1996 nilikuwa mpangaji Mabatini. Mama mwenye nyumba wetu hakuwa na elimu kubwa, lakini alikuwa na daftari. Ukilipa, anaandika jina, tarehe na miezi, kisha wewe mwenyewe unatia sahihi. Chumba cha mkabala na changu alikaa mfanyabiashara wa ndizi, mtu wa Muleba, mcheshi sana. Mwezi Mei alisafiri kwenda Bukoba kuchukua mzigo. Tarehe 21 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, ikachukua mamia ya watu. Wengi wao wamelala makaburi ya Igoma. Jirani yetu hakurudi.

Kufuli lilibaki mlangoni. Haikupita wiki mbili, madalali wakaanza kuleta watu wenye fedha mkononi. Mama aliwajibu wote neno moja: "Chumba kina mtu." Kodi ya marehemu ilikuwa imelipwa hadi mwisho wa Juni. Julai ikaingia, naye hakukipangisha. Ndugu walipofika kutoka Muleba, aliita majirani wawili, akavunja kufuli mbele yao, akaagiza kila kitu kiandikwe: kitanda, godoro, mizani, fedha zilizokuwa ndani ya kopo. Kisha akawaonyesha daftari, wakaiona sahihi ya ndugu yao. Walitaka kumlipa kodi ya Julai, akakataa. "Mgeni wangu hakuwa na deni," alisema.

Miaka michache baadaye nilihamia kwa mwenye nyumba mwingine, mtu mwenye maneno matamu. Hakuwa na daftari. Siku moja alinidai kodi ya miezi mitatu niliyokwisha kuilipa. Sikuwa na karatasi wala shahidi. Nililipa mara ya pili, nikaondoka.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu ni ndiyo na hapana. Ni kweli kwamba tangu zamani mji huu umejengwa chumba kwa chumba, bila mkono wa Serikali. Lakini si kweli kwamba ilikuwa bila maandishi. Ile sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, na bei ikaachiwa soko. Mabaraza ya ardhi na nyumba yapo, lakini baraza haliwezi kusoma moyo wa mtu. Linasoma karatasi.

Hatuwezi kuomba kila mpangaji apate mwenye nyumba kama mama yule. Wema haugawiwi kwa foleni. Ila daftari lake kila mtu anaweza kuwa nalo, na bei yake ni ndogo kuliko ujira wa dalali. Anayetaka fedha yako ya miezi sita na hataki kalamu, amekwisha kukuambia yeye ni nani. Muage kwa heshima, uendelee kutafuta. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hadi juma lijalo, kwaherini.