Bank (neno la Kiingereza)

Bank ni neno la Kiingereza lenye maana kuu mbili: ukingo wa mto, na taasisi inayotunza na kukopesha fedha. Kamusi nyingi huzipa maana hizo vidahizo viwili, kwa kuwa ziliingia kwa njia tofauti. Ya ukingo ilitoka lugha za Skandinavia katika Zama za Kati. Ya fedha ilitoka Kiitaliano, ambako banca ilikuwa meza ya mbadilishaji fedha. Hata hivyo, ukifukua zaidi, njia hizo hukutana: Kiitaliano nacho kilikopa neno hilo kutoka lugha za Kijerumaniki, na shina lake ndilo lililozaa pia bench.

Huenda mtu akasema asili haina uzito, kwani msemaji wa leo haoni uhusiano wowote kati ya mto na mkopo. Hoja hiyo ina nguvu, na ndiyo inayohalalisha vidahizo viwili. Lakini kutenganisha matumizi si kukana undugu. Kila tawi limeendelea kuzaa: ndege inapolala ubavu ili kukata kona, kitenzi chake cha Kiingereza, bank, hutoka kwenye mteremko wa ukingo, na akiba ya damu hospitalini hubeba jina la hazina ya fedha. Kiswahili kilichukua tawi la fedha pekee, kikapata benki na benki ya damu. Ukingo kilikuwa nao tayari. Benchi lilikuja kivyake, kutoka bench. Hivyo, mteja anayengoja zamu kwenye benchi la benki amezungukwa na shina moja mara mbili.